Nahodha Alisepa, Wanamuziki Ndio Wakaokoa Abiria!

Agosti 3, 1991, meli ya kitalii ya Oceanos, mali ya Wagiriki, iling'oa nanga East London, Afrika Kusini, kwenda Durban. Bahari ilikuwa imechafuka vibaya, upepo mkali, lakini safari haikuahirishwa.

Usiku huohuo maji yakaingia chumba cha injini, umeme ukakata, meli ikaanza kulala upande. Abiria hawakusikia king'ora wala tangazo lolote. Mpiga gitaa mmoja aliyekuwa kazini kutumbuiza akashuka chini kucheki, akakutana na maji. Kupanda kule juu kwenye usukani, hakuna ofisa hata mmoja! Akashika redio mwenyewe, akaomba msaada.

Asubuhi helikopta za jeshi zikafika. Nahodha akaondoka mapema huku abiria wengi wakiwa bado melini, na baadaye akajitetea kwamba alienda kuratibu uokoaji akiwa nchi kavu. Wasanii ndio wakabaki wakiwafunga watu mikanda ya kuvutwa juu. Watu wote 571 walitoka hai, ndipo meli ikazama mchana wa Agosti 4.

Uchunguzi wa Ugiriki ulimkuta nahodha na maofisa wenzake na hatia ya uzembe. Sawa, ila ngoma haiishii hapo. Dhoruba haikumlazimisha mtu aondoke bandarini, na meli nzima haizami kirahisi kwa maji ya chumba kimoja. Inaelezwa ukuta wa kuzuia maji ulikuwa na tundu.

Tundu lile lilikuwepo kabla ya dhoruba. Sasa wa kulaumiwa ni nahodha peke yake, au na aliyeiruhusu meli ile ibebe watu?