Marekani, 1920-1933: pombe ilikatazwa, watu walikunywa

Tangu tarehe 17 mwezi wa kwanza 1920, sheria ya Marekani ilikataza kutengeneza, kusafirisha na kuuzisha pombe. Kunywa kwenyewe hakukukatazwa. Basi nganda za siri zikajaa New York na Chicago: mulangoni unasema neno la siri, ndani kuko muziki wa jazz, na akina mama, wenye zamani hawakuzoea kuingia baa, wanakunywa pamoja na wanaume. Al Capone akatajirika.

Maskini ndio walilipa. Serkali iliagiza metanoli, ni sumu, iongezwe katika alkoli ya viwanda; wenye kuikunywa kwa magendo walipofuka, wengine walikufa. Uchumi ulipoanguka, serkali ikahitaji kodi ya pombe. Tarehe 5 mwezi wa 12, 1933, sheria ikafutwa.