Shule na Mizani ya Kahawa Mlimani Kilimanjaro

Katika kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu chetu, Halmashauri imetuagiza tuandike habari za shule za mlimani. Wako wanachama waliouliza, shule zahusiana nini na ghala la kahawa? Jibu limo katika mizani.

Mapadre wa Kilema walianza kazi yao mwanzoni mwa miaka ya 1890, nao ndio waliopanda mibuni huko. Walutheri wa Leipzig wakafika Machame katika mwaka wa 1893. Kwa hiyo kalamu na mbuni viliingia mlimani karibu pamoja. Wazee husimulia kwamba wazazi wengi hawakupenda kutoa mtoto. Nani angekata majani ya ng'ombe?

Reli ya Tanga ilipofika, katika mwaka wa 1911, mji mpya ulikua tambarare, na makao ya Mangi Rindi na Mangi Meli yakabaki kuitwa Old Moshi. Huko Serikali ya Kiingereza ilifungua shule yake katika miaka ya 1920. Katika mwaka wa 1925 wakulima, wakisaidiwa na Bwana Charles Dundas, waliunda chama cha KNPA, na Joseph Merinyo akawa rais wake wa kwanza. Ndipo elimu ilipopata kazi ya kufanya, kwa maana alitakiwa karani wa kusoma ratili, wa kuandika stakabadhi na wa kujumlisha hesabu bila kukosea.

KNCU ilishika mahali pa chama hicho katika mwaka wa 1933. Bei ilipokuwa duni, katika mwaka wa 1937, hasira zilizuka na baadhi ya majengo ya vyama yakashambuliwa. Mtu asiyeweza kuisoma stakabadhi yake hana budi kushuku. Lakini tusijidanganye: barua za malalamiko nazo ziliandikwa na watu waliokwenda shule, na hatuoni kwamba walikosea kuuliza.

Chuo cha Ushirika kilifunguliwa Moshi katika mwaka wa 1963, nacho kimekuwa Chuo Kikuu tangu mwaka wa 2014. Sheria ya Elimu ya 1969 ilizitia shule za misheni mikononi mwa umma.

Tulipotafuta habari hizi tulifika katika shule moja ya msingi, ambayo hatutaitaja. Daftari la wanafunzi wa kwanza lilikuwa limeliwa na mchwa hata jalada. Tulirudi tukinung'unika, kisha tukafungua kabati letu wenyewe: vitabu vya mapokezi vya chama kimoja cha msingi vilikuwa vimelowa, na kurasa zimegandamana. Aibu hiyo ni yetu sisi maofisa.

Kwa hiyo twawaomba wanachama, mwenye stakabadhi ya baba yake, cheti cha shule au picha ya darasa, aifikishe ofisini kabla ya masika. Tutainakili mbele yake na kumrudishia siku ile ile.