Dola ya Nani? Swali la Profesa Haroub Othman

Mwaka 1980 ilitoka Dar es Salaam kitabu cha Kiingereza ambacho jina lake, tukilileta katika Kiswahili, ni swali tupu: dola ya Tanzania, nani anaishika, na inamtumikia nani? Mhariri wake alikuwa Mzanzibari, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Haroub Othman. Wakati huo nchi ilikuwa na chama kimoja, Rais wake ni Mwalimu Nyerere, na jibu rasmi la swali hilo lilijulikana na kila mtoto wa shule: dola ni ya wakulima na wafanyakazi. Kuliuliza hadharani, tena kwenye jalada la kitabu, kulikuwa na maana kwamba jibu la redioni halitoshi.

Profesa Haroub alifariki Juni 2009. Ukiitazama kazi yake yote, kuanzia vitabu na mihadhara mpaka uangalizi wa chaguzi na kituo cha msaada wa sheria alichokiasisi kisiwani kwao, unaona mtu aliyekaa na swali moja kwa karibu miaka thelathini. Alilibadilisha mavazi tu. Mara lilikuwa swali la uongozi, mara la Muungano, mara la mjane wa shamba asiyejua karatasi ya mirathi aipeleke wapi.

Ili kuelewa kwa nini swali hili lilimshika Mzanzibari, tuanze na Zanzibar yenyewe. Uhuru ulipatikana tarehe 10 Disemba 1963. Mwezi mmoja na siku mbili baadaye, 12 Januari 1964, yakaja Mapinduzi; na tarehe 26 Aprili mwaka huohuo, Muungano na Tanganyika. Katika miezi mitano isiyotimia, watu wa Unguja na Pemba waliishi chini ya dola nne: ya Mwingereza, ya Sultani, ya Mapinduzi na ya Muungano. Vijana waliokuwa madarasani walitoka upande wa pili wakiwa watu wengine. Wapo waliokwenda nje kusoma, hasa katika nchi za kisoshalisti zilizofungua milango. Wapo waliozuiwa. Seif Sharif Hamad, aliyekuja kuwa Waziri Kiongozi na baadaye kinara wa upinzani, alimaliza kidato cha sita mwaka 1963, lakini alibakishwa visiwani kusomesha mpaka mwaka 1972 ndipo akaenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako alisomea siasa na utawala wa umma. Miaka tisa ya ujana ilipita akisubiri ruhusa. Kwa kizazi hicho, utawala wa umma haukuwa mada ya mtihani. Ndio uliokuwa ukiamua nani asome na nani asubiri.

Visiwani hapakuwa na katiba. Tangu 1964 hadi 1979 Zanzibar iliongozwa kwa amri za Baraza la Mapinduzi, chombo ambacho hakuna mwananchi aliyekipigia kura. Baraza la Wawakilishi lilikutana kwa mara ya kwanza mwaka 1980, mwaka uleule wa kile kitabu. Mahakamani nako mambo yalikuwa na sura yake. Zilikuwepo mahakama za wananchi, ambamo waliokaa kuamua hawakuwa watu waliosomea sheria, na mawakili hawakuruhusiwa kumtetea mshitakiwa. Wazo la mwanzo lilikuwa na mvuto: sheria iliyoletwa na mkoloni iwekwe kando, watu wahukumiwe na watu wenzao kwa lugha wanayoijua. Lakini mshitakiwa asiye na mtetezi, mbele ya mahakama isiyo na kanuni anazoweza kuzishika, amebaki na huruma ya aliyemweka hakimu pale. Baada ya kuuawa kwa Mzee Karume, 7 Aprili 1972, watu kadhaa walishitakiwa kwa uhaini Unguja, na hukumu za kifo zikatolewa hata kwa ambao hawakuwepo mahakamani. Mmoja wao alikuwa Abdulrahman Babu, ambaye wakati huo alikuwa kizuizini Bara. Tutarudi kwake.

Mlimani, kule Dar es Salaam, swali la dola lilikuwa na sauti nyingine. Chuo kilikuwa kinachemka. Walter Rodney alikuwa amechapisha kitabu chake mashuhuri juu ya Ulaya na umaskini wa Afrika mwaka 1972. Taaluma ya maendeleo ilifanywa somo la lazima kwa kila mwanafunzi, awe wa udaktari au wa uhandisi, na Taasisi ya Taaluma za Maendeleo ndiyo iliyokuwa nyumba ya Haroub Othman. Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa limewawekea viongozi masharti yanayoeleweka na mtu yeyote: asiwe na hisa kwenye kampuni, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Mwezi Machi 1978 wanafunzi waliandamana kupinga nyongeza ya marupurupu ya mawaziri na wabunge. Walichokitetea ni Azimio lenyewe. Jibu lilikuwa polisi, na mamia wakafukuzwa chuo. Miaka miwili baadaye kitabu kikauliza: nani anaishika dola, na inamtumikia nani? Msomaji wa wakati ule hakuhitaji kuelezwa swali limetoka wapi.

Kuna namna mbili za kusoma uongozi wa umma. Ya kwanza huuliza kama mashine inafanya kazi: bajeti imekwenda, watumishi wamefunzwa, mafaili yamepangwa. Ya pili huuliza mashine inasaga nini, na unga unakwenda nyumba ya nani. Haroub alikuwa mtu wa namna ya pili. Faida yake ni kwamba halali usingizi wa taarifa nzuri. Hatari yake ni kwamba mtu anaweza kuzeeka akiuliza tu, kwenye kumbi za mikutano, kwa Kiingereza safi, huku mama wa Makunduchi akirudi nyumbani bila haki yake.

Mwaka 1992 ndipo alipojibu hatari hiyo. Mambo mawili yalitangulia. Februari 1991, Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana Zanzibar na kulegeza yale masharti ya uongozi wa Arusha. Kiongozi sasa aliruhusiwa hisa, mishahara na nyumba za kupangisha. Watu wakaliita Azimio la Zanzibar, ingawa wengi wa Zanzibar hawakuulizwa. Mwaka huohuo ikaundwa Tume ya Nyalali kukusanya maoni juu ya mfumo wa vyama. Karibu asilimia 80 ya waliotoa maoni nchini walitaka chama kimoja kiendelee, hata hivyo tume ilipendekeza vyama vingi, na tarehe 1 Julai 1992 sheria ikabadilika. Mchezo ulikuwa unafunguliwa upya, na mwenye elimu, mali na wakili ndiye angeingia uwanjani na viatu.

Mwaka huo Haroub na wenzake waliasisi Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar. Hapo msomi aliyefundisha nadharia ya dola aliingia kwenye shughuli za karani: ardhi, talaka, matunzo ya watoto, mafao ya kazi. Katiba ya Zanzibar ya 1984 ilikwishaingiza haki za binadamu, na mahakama za wananchi zilikwishafutwa, lakini haki iliyoandikwa kwenye kitabu ni kama dawa iliyofungiwa kabatini. Kituo kikatoa ushauri bure, kikaandika vijitabu vya sheria kwa Kiswahili, na kwa miaka kikafunza wasaidizi wa sheria, watu wa vijijini Unguja na Pemba, walimu, wakulima, akina mama, ambao jirani anaweza kuwagongea mlango.

Fikiria maana ya jambo hilo. Kwa Mzanzibari wa kawaida dola haina sura ya Rais. Ina sura ya sheha. Sheha ndiye anayeandika barua ya kuthibitisha kwamba wewe ni mkaazi. Bila barua, kitambulisho kinachelewa. Bila kitambulisho, hupigi kura. Na sheha huteuliwa, hachaguliwi. Msaidizi wa sheria alipokaa mtaa mmoja na sheha, kwa mara ya kwanza alikuwepo mtu wa pili anayejua karatasi zinavyokwenda. Lile swali la 1980 likawa limefika barazani.

Au chukua sheria ya 1985 iliyoruhusu mwanamke asiyeolewa akishika mimba kufungwa jela. Ilisemekana inalinda maadili. Aliyekwenda jela alikuwa msichana, kwa sababu ushahidi alikuwa nao tumboni. Mwanamume alihitaji kuthibitishwa. Ilichukua miaka ishirini mpaka ibadilishwe mwaka 2005, kifungo kikaondolewa kwa mama na badala yake ikawekwa kazi ya jamii. Inamtumikia nani? Wakati mwingine jibu linapatikana kwa kuhesabu waliomo ndani.

Kwenye siasa kubwa jibu lilikuwa gumu zaidi. Mwaka 1993 Haroub aliandika makala juu ya historia ya siasa za Zanzibar, akiuliza kama yaliyopita yanaiandama leo. Miaka miwili baadaye, uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi ulimjibu: Salmin Amour asilimia 50.2, Seif Sharif Hamad asilimia 49.8. Visiwa vilikatwa katikati, na mkato ulifuata mshono wa zamani, ule wa chaguzi za kabla ya Mapinduzi. Muafaka ukatiwa saini 1999, ukavunjika. Uchaguzi wa 2000 ukavurugika, ukarudiwa katika majimbo 16. Tarehe 26 na 27 Januari 2001 askari walifyatua risasi kwa waandamanaji, wengi wao Pemba. Zaidi ya watu 30 walikufa, na zaidi ya 2,000 wakakimbilia Shimoni, Kenya. Tanzania, iliyozoea kupokea wakimbizi, ilitoa wake.

Ni katika miaka hiyohiyo aliyohariri vitabu viwili ambavyo, vikiwekwa rafu moja, vinasema mengi juu yake. Cha kwanza, cha mwaka 2000, ni mkusanyiko wa insha juu ya uongozi Afrika miaka arobaini baada ya uhuru, ulioandaliwa kwa heshima ya Mwalimu Nyerere kutimiza miaka 75; Mwalimu alifariki Oktoba 1999, kabla hakijatoka. Cha pili, cha 2001, ni cha kumuenzi Babu, aliyefariki 1996. Nyerere ndiye aliyemweka Babu kizuizini kuanzia 1972 hadi 1978. Mtu mmoja akawakusanyia wote wawili waandishi na karatasi, bila kumfanya mmoja malaika na mwengine shetani.

Kwa Zanzibar hili si jambo dogo. Kwetu historia hugawiwa kama mirathi: huyu wa kwetu, yule wa kwao, picha hii hutundikwa ukutani, ile hugeuzwa. Uliza habari za Januari 1964 katika nyumba mbili za mtaa mmoja wa Mji Mkongwe, utapata nchi mbili. Kumsoma Nyerere kama kiongozi mwenye maadili na pia kama mtu aliyefunga watu bila kesi, kumsoma Babu kama mwenye ndoto kubwa na pia kama aliyesaidia kuijenga serikali iliyokuja kummeza, ni nidhamu ambayo wengi wetu hatujaifikia. Wapo wanaoiona kuwa woga wa kuchagua upande. Mimi naiona kuwa ndiyo kazi yenyewe ya mwanazuoni: kukataa kurahisisha pale ambapo kurahisisha kumeshaua watu.

Mwaka 2008 mazungumzo ya CCM na CUF yalikwama baada ya kikao cha Butiama. Juni 2009 Profesa Haroub akafariki. Miezi mitano baadaye, tarehe 5 Novemba, Rais Amani Karume na Maalim Seif walikutana Ikulu ya Mji Mkongwe, na watu wakapata neno jipya, Maridhiano. Tarehe 31 Julai 2010 Wazanzibari waliulizwa, safari hii wao wenyewe, kama wanataka serikali ya umoja wa kitaifa. Asilimia 66.4 walisema ndiyo. Hakuiona siku hiyo.

Hakuiona pia tarehe 28 Oktoba 2015, mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi alipotangaza kuufuta uchaguzi mzima, wala ule wa marudio wa Machi 2016 ambao upinzani uliususia. Umoja uliopigiwa kura na theluthi mbili ukavunjika kwa tangazo la mtu mmoja. Ulirudishwa baada ya uchaguzi wa 2020, nao ukiwa na maiti zake.

Vijana wengi wa leo wanasomea utawala na uongozi, SUZA na kwengineko. Wanajifunza mipango mkakati, vipimo vya utendaji, huduma kwa mteja. Vyote vina kazi yake. Lakini hakuna kipimo cha utendaji kinachoweza kuonesha kwa nini barua ya sheha ilimfikia huyu siku hiyohiyo, na yule akaambiwa aje kesho, na kesho yake, mpaka daftari likafungwa. Kwa hilo bado tunahitaji lile swali la 1980, na mtu wa kuligonga nalo mlango wa sheha.