Bathurst 1000: Mbio za Australia zilizozaliwa kuyapima magari ya wananchi

Kila mwaka mwezi Oktoba, mji wa Bathurst, ulioko kilomita 200 hivi magharibi mwa Sydney katika jimbo la New South Wales nchini Australia, hupokea mashindano ya magari yanayochukua siku nne, kuanzia Alhamisi hadi Jumapili. Kilele chake ni mbio za kilomita 1,000, maarufu kwa jina la Bathurst 1000, ambazo ndizo zinazotazamiwa kwa hamu kubwa kuliko zote katika ubingwa wa magari ya saluni nchini humo, unaojulikana kama Supercars.

Wasikilizaji waliozoea Safari Rally ya Kenya, Pearl of Africa ya Uganda au Mountain Gorilla ya Rwanda wataona tofauti mara moja. Katika mbio za nyika kila gari huondoka kwa zamu yake na kushindana na saa. Huko Bathurst magari yote huondoka pamoja, hukimbia juu ya lami, huzunguka njia ile ile na kupitana bega kwa bega. Isitoshe, haya si magari ya matairi wazi kama yale ya Formula One. Ni magari yenye milango, kioo cha mbele na umbo ambalo mtazamaji amewahi kuliona barabarani. Umbo hilo halikuchaguliwa kwa ajili ya urembo, bali lilikuwa ndiyo sababu ya mashindano haya kuanzishwa.

Barabara ya umma inayogeuka uwanja

Mbio hufanyika katika mlima uitwao Mount Panorama, ambao kwa lugha ya Wawiradjuri, wenyeji wa asili wa eneo hilo, huitwa Wahluu. Barabara yake ilifunguliwa mwezi Machi 1938 kama njia ya watalii ya kutazama mandhari, na mashindano ya kwanza yalifanyika wakati wa Pasaka ya mwaka huo huo.

Mzunguko mmoja una urefu wa kilomita 6.213 na kona 23. Tofauti ya kimo kati ya sehemu ya chini na kileleni ni mita 174. Dereva hupanda mlima kwa kasi, hupenya kona nyembamba zilizobanwa na kuta za zege, kisha huteremka kona za nyoka zinazofuatana, ambako asiyeiwahi ya kwanza hukosea zote zinazofuata. Mwisho wa mteremko huo hutokea kwenye barabara ndefu iliyonyooka iitwayo Conrod Straight, ambako magari hukaribia kasi ya kilomita 300 kwa saa.

Barabara hiyo bado ni mali ya umma. Kando yake kuna nyumba za watu na mashamba ya mizabibu. Siku za kawaida mwenye gari lolote anaweza kupita, mradi asizidi kilomita 60 kwa saa, na askari wa barabarani huisimamia sheria hiyo. Kangaruu nao huvuka, na wamewahi kuvuka hata wakati wa mashindano.

Siku nne, hatua kwa hatua

Alhamisi ni siku ya mazoezi. Mafundi hurekebisha breki na mipangilio ya magurudumu, na madereva wenza, ambao wengi wao hawashiriki mbio nyingine za msimu, huzoea gari na mlima.

Ijumaa hufanyika mchujo wa kupanga nafasi za kuanzia. Magari kumi yenye kasi zaidi hupelekwa kwenye hatua ya Jumamosi, ambapo kila gari hutoka peke yake na kupewa mzunguko mmoja tu wa kujipima. Hatua hiyo, iliyoanza mwaka 1978, hufuatwa kwa ukimya wa aina yake, kwa kuwa kosa dogo halina nafasi ya pili. Mwaka 2017 Scott McLaughlin wa New Zealand alikuwa dereva wa kwanza wa Supercars kuuzunguka mlima huo kwa chini ya dakika 2 na sekunde 4.

Jumapili ni siku ya mbio zenyewe: mizunguko 161, ambayo huchukua takriban saa sita. Kila gari lina madereva wawili wanaopokezana, na kila mmoja hulazimika kuendesha angalau mizunguko 54, ili timu isimtegemee nyota mmoja na kumweka mwenzake kama pambo. Magari huingia mara kadhaa katika kituo cha huduma kuongeza mafuta, kubadili matairi na kubadilishana madereva. Joto ndani ya gari huwa kali kiasi kwamba dereva huvaa fulana yenye mirija inayopitisha maji baridi.

Ajali inapotokea, gari la usalama huingia na wote hulifuata kwa mwendo wa taratibu bila kupitana. Faida ya dakika nzima iliyochumwa kwa saa kadhaa inaweza kuyeyuka papo hapo. Hiyo ndiyo sababu timu nyingi hutumia mizunguko 100 ya mwanzo kulitunza gari, na kuacha vita vya kweli kwa saa moja ya mwisho.

Swali la mnunuzi

Chimbuko la Bathurst 1000 ni mwaka 1960, katika kisiwa cha Phillip Island, jimbo la Victoria. Kampuni ya Armstrong, iliyotengeneza vifaa vya kupunguza mtikisiko wa gari, ilidhamini mbio za maili 500 zilizoitwa Armstrong 500. Sharti lilikuwa magari yawe yale yale yanayouzwa madukani. Swali lililoulizwa lilikuwa swali la mnunuzi: ni gari lipi litakalostahimili safari ndefu bila kuharibika? Lami ya Phillip Island ndiyo iliyoshindwa kwanza. Baada ya kubomoka katika mbio za mwaka 1962, mashindano yalihamia Bathurst mwaka 1963.

Magari yaligawanywa katika madaraja kulingana na bei yake, kwa hiyo mwenye mshahara mdogo aliweza kuona jinsi gari la uwezo wake lilivyofanya. Mwaka 1966 magari madogo ya Mini Cooper S yalitwaa nafasi zote tisa za kwanza. Mmoja wa madereva wa gari lililoshinda alikuwa Rauno Aaltonen wa Finland, ambaye mashabiki wa zamani wa Afrika Mashariki wanamkumbuka kwa Safari Rally: alimaliza wa pili mara kadhaa bila kulitwaa taji hilo hata mara moja.

Uhusiano huo wa duka na uwanja ulikuwa na hatari yake. Ili kushinda Bathurst, kampuni zilianza kuuza kwa umma magari yenye nguvu kupita kiasi. Mwaka 1972 magazeti yalipiga kelele kuhusu mpango wa kuwauzia vijana magari yanayoweza kukimbia maili 160 kwa saa, serikali zikaingilia kati, na kampuni zikaacha miradi hiyo. Kuanzia mwaka 1973 magari ya mashindano yaliruhusiwa kufanyiwa marekebisho makubwa zaidi, na umbali ukabadilishwa kutoka maili 500 kuwa kilomita 1,000. Tangu hapo gari la uwanjani na gari la dukani zilianza kuachana polepole.

Ford au Holden

Hata hivyo mapenzi ya watazamaji hayakupungua. Kwa miongo kadhaa Australia iligawanyika kati ya Ford na Holden, chapa ya nyumbani iliyomilikiwa na General Motors, kama Tanzania inavyogawanyika kati ya Simba na Yanga. Ushabiki ulirithiwa kutoka kwa baba kwenda kwa mtoto, na mara nyingi ulilingana na gari lililoegeshwa uani.

Mfalme wa enzi hizo alikuwa Peter Brock wa Holden, aliyeshinda mara tisa kati ya 1972 na 1987, rekodi ambayo haijavunjwa. Mwaka 1979, akiwa na Jim Richards, alishinda kwa tofauti ya mizunguko sita na akaweka rekodi ya kasi katika mzunguko wa mwisho kabisa, wakati hakuwa na haja ya kukimbia. Brock alifariki dunia mwaka 2006 katika ajali ya mbio za magari Australia Magharibi, na kombe la washindi sasa lina jina lake.

Kwa upande wa Ford, wengi humtaja Dick Johnson wa Queensland. Mwaka 1980, akiwa anaongoza, aligonga jiwe kubwa lililokuwa barabarani na gari lake, ambalo lilikuwa limebeba karibu kila alichokuwa nacho, likaharibika. Watazamaji wa televisheni walianza kupiga simu kutoa michango, na Ford ikaahidi kuongeza kiasi sawa na kilichochangwa. Mwaka uliofuata Johnson alirudi na kushinda.

Ushabiki huo ulikuwa na sura mbaya pia. Mwaka 1992 mvua kubwa iliyasababishia magari mengi kuteleza, mbio zikasimamishwa, na ushindi ukapewa gari la Nissan la Richards na Mark Skaife, ambalo lenyewe lilikuwa limeshagonga, kwa kuwa matokeo yalihesabiwa kurudi nyuma. Umati uliwazomea washindi jukwaani, na Richards akaujibu kwa maneno makali. Siku hiyo hiyo Denny Hulme wa New Zealand, bingwa wa dunia wa Formula One mwaka 1967, alikuwa amepata mshtuko wa moyo akiwa kwenye usukani na kufariki.

Viwanda vyafungwa

Ijumaa tarehe 7 Oktoba 2016, wakati mchujo wa Bathurst ukiendelea, Ford ilisitisha utengenezaji wa magari nchini Australia baada ya zaidi ya miaka 90. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 20 Oktoba 2017, Holden ilifunga kiwanda chake cha Elizabeth, Australia Kusini, na utengenezaji wa magari ya abiria kwa wingi ukafikia tamati nchini humo. Mwaka 2020 General Motors ilitangaza kuiondoa chapa yenyewe ya Holden.

Mwaka 2022 Shane van Gisbergen na Garth Tander walishinda Bathurst kwa gari la Holden, ushindi wa mwisho wa chapa iliyoshinda huko mara nyingi kuliko nyingine yoyote. Kuanzia mwaka 2023 wapinzani wakawa Ford Mustang na Chevrolet Camaro. Chini ya mabati yake, magari hayo mawili yamejengwa juu ya fremu ya muundo mmoja, na tofauti kubwa hubaki katika injini na umbo. Camaro ya kawaida iliacha kutengenezwa Marekani mwishoni mwa mwaka huo huo wa 2023, lakini iliendelea kushindana Australia. Mbio zilizoanzishwa kumwongoza mnunuzi zikawa zinakimbiwa na gari ambalo mnunuzi hawezi tena kuliagiza likiwa jipya.

Mlima na wenyewe

Mlima umedai maisha ya watu. Baada ya dereva Mike Burgmann kufariki mwaka 1986 kwenye barabara ya Conrod, kona mpya iitwayo The Chase iliongezwa mwaka 1987 ili kupunguza kasi. Kuta na uzio vimeendelea kuboreshwa, ingawa ufinyu wa njia ya kileleni haubadiliki.

Kuna pia suala la wenyewe wa ardhi. Wazee wa Kiwiradjuri wanaueleza mlima huo kuwa mahali pa jando, ambapo vijana wa kiume walifundwa kuingia utu uzima. Jina la Wahluu lilitambuliwa rasmi mwaka 2015 pamoja na lile la Mount Panorama. Mwaka 2021 serikali ya shirikisho ilitoa amri ya kulinda sehemu ya kilele, ambako halmashauri ya mji ilikuwa imepanga kujenga uwanja wa magari madogo ya karti. Mbio za Oktoba hazikuguswa na amri hiyo, lakini ilithibitisha kwamba historia ya mlima haikuanza mwaka 1938.

Kinachopimwa sasa

Mwaka 2025 ushindi ulikwenda kwa Matthew Payne wa New Zealand akishirikiana na Garth Tander, wakiwa na Ford Mustang. Toyota nayo ilitangaza mwaka 2024 kwamba gari lake la Supra litaingia katika msimu wa 2026, hatua inayoongeza chapa ya tatu katika ushindani uliozoea pande mbili.

Mashabiki wengine, hasa wazee, husema mbio zimepoteza maana kwa kuwa magari hayatengenezwi tena nyumbani. Wengine hujibu kwamba swali la mwaka 1960 halijafa, bali limehama kutoka kwa gari kwenda kwa watu: dereva anayeitunza breki yake hadi saa ya sita, fundi anayebadili tairi bila kutetemeka, na timu inayojua lini isubiri. Mbio zikishamalizika barabara hurudishiwa umma, na mwenye gari lolote, liwe la chapa iliyokufa au inayoishi, huweza kuipanda tena kwa kilomita 60 kwa saa.