Ada Isiyopanda

Oktoba 2015, uchumi wa Afrika Kusini ukidorora na randi ikishuka, Chuo Kikuu cha Witwatersrand kilipanga kupandisha ada ya 2016 kwa asilimia 10.5. Tarehe 14 wanafunzi walifunga malango yake huko Braamfontein. Tarehe 23 walijaa Union Buildings, Pretoria, na Rais Jacob Zuma akatangaza kuwa ada haitapanda.

Lakini ada kutopanda si ada kupungua. Kwa 2017 vyuo viliruhusiwa kuongeza hadi asilimia 8. Desemba 2017 Zuma alitangaza elimu bila malipo kwa familia zenye kipato cha hadi randi 350,000 kwa mwaka. Wenye kipato cha kati, kama wengi wa Randburg, walibaki njia panda: si maskini wa kusaidiwa, wala si matajiri wa kulipa. Kwao ni haba na haba, na kibaba kinazidi kukua.