Habari ya Kwanza na Habari ya Kweli

Ndege inapoanguka, mambo mawili huanza kukimbia kwa wakati mmoja: msaada na uvumi. Aghalabu uvumi ndio unaofika kwanza. Kwa wanajeshi na polisi hili si jambo dogo, maana mara nyingi wao ndio watumishi wa kwanza wa dola kufika mahali pa ajali. Wanayoyafanya katika saa ile ya kwanza huamua kama wananchi watajua ukweli baada ya mwaka mmoja, au baada ya miaka hamsini, au hawataujua kamwe.

Mwambao wa Burundi, kutoka Bujumbura kupitia Rumonge hadi Nyanza-Lac, hauko mbali na jambo hili. Uwanja wa ndege wa Bujumbura uko karibu na ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika. Tarehe 4 Desemba 2000, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, ndege ya abiria ya shirika la Sabena la Ubelgiji ilipigwa risasi ilipokuwa ikikaribia kutua hapo. Watu wawili walijeruhiwa, lakini ndege ilitua. Kwa kuwa ilitua, matundu ya risasi yalionekana na kila mtu, wala hapakuwa na nafasi ya kubishana kama ilishambuliwa au la. Ndege inayoanguka haitoi ushahidi wake kwa wepesi namna hiyo.

Ziwa lenyewe lilipata somo la kwanza zamani. Mwaka 1916 ndege za majini za Wabelgiji ziliruka kutoka upande wa Kongo na kudondosha mabomu katika bandari ya Kigoma, ilikokuwa imetia nanga meli ya Wajerumani, Graf von Götzen. Wabelgiji waliamini kwamba mabomu yao yameipata. Lakini haikuzama kwa mabomu. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwezi Julai mwaka huo walipokuwa wakiondoka, baada ya kuzipaka mitambo yake grisi ili isiharibike. Baadaye iliopolewa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Taarifa za vita zilisema hivi na vile. Chuma kilipotolewa majini ndicho kilichosema kweli.

Njia ya maji inayopita mbele ya Rumonge huishia kusini katika bandari ya Mpulungu, nchini Zambia. Kusini zaidi katika nchi hiyohiyo uko mji wa Ndola. Karibu na mji huo, usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba 1961, ilianguka ndege aina ya DC-6 iliyomchukua Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, aliyekuwa safarini kutafuta amani ya Kongo. Watu 16 walikuwamo. Mmoja tu alikutwa hai, naye akafariki siku chache baadaye. Ndege ilianguka kiasi cha kilomita 15 tu kutoka uwanjani, lakini serikali ya kikoloni ilitangaza kuyaona mabaki mchana wa siku iliyofuata.

Walikuwapo watu walioona. Wachoma mkaa Waafrika waliokuwa msituni usiku ule walieleza juu ya moto angani, na baadhi yao walitaja ndege ya pili. Tume ya serikali ya Rhodesia haikuupa uzito ushahidi wao. Ikahitimisha kwamba kosa lilikuwa la rubani. Tume ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 1962 haikuridhika kiasi cha kufunga jambo hilo. Zaidi ya miaka 50 baadaye, Umoja wa Mataifa ulimpa kazi hiyo Mohamed Chande Othman, Jaji Mkuu wa Tanzania wa wakati ule. Mwaka 2015 jopo lake liliwasikiliza upya mashahidi waliosalia, na tangu hapo aliendelea kuzitaka nchi zenye kumbukumbu za siri zizitoe. Mzee aliyedharauliwa akiwa kijana sasa anasikilizwa. Lakini wenzake wangapi wamekwisha kuzikwa na ushahidi wao?

Funzo chungu zaidi kwa Burundi ni la tarehe 6 Aprili 1994. Ndege aina ya Falcon 50 iliyotoka Dar es Salaam ilidunguliwa kwa makombora ilipokuwa ikikaribia kutua Kigali. Walikufa Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda, Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi, na wote waliokuwa pamoja nao, jumla watu 12. Wanajeshi wa Umoja wa Mataifa walizuiwa kuyafikia mabaki. Rwanda ikaingia katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Wataalamu waliotumwa na majaji wa Ufaransa kupima eneo lile walifika mwaka 2010, miaka 16 baada ya tukio. Mwaka 2004 kilionekana New York, katika ofisi za Umoja wa Mataifa, kinasa sauti kilichodhaniwa kuwa cha ndege hiyo. Kilipochunguzwa ikabainika kwamba si chake. Ripoti za mwaka 2006, 2010 na 2012 hazikukubaliana. Mwaka 2022 mahakama ya juu ya Ufaransa ilithibitisha kufungwa kwa kesi bila mtu kuhukumiwa.

Hata hivyo, usiku uleule ulikuwa na upande mwingine. Nusu mwaka tu ulikuwa umepita tangu Rais Melchior Ndadaye auawe tarehe 21 Oktoba 1993, na damu nyingi kumwagika nchini Burundi. Uvumi mmoja tu ungetosha kuwasha moto. Mjini Bujumbura, Spika wa Bunge Sylvestre Ntibantunganya, wakuu wa jeshi, na mjumbe wa Umoja wa Mataifa Ahmedou Ould-Abdallah walishirikiana kuwapasha wananchi habari na kuwataka watulie. Vita vya Burundi havikuisha, na miaka migumu ilifuata. Lakini nchi haikulipuka kama jirani yake. Habari iliyotolewa mapema, kwa sauti moja ya raia na ya askari, iliuwahi uvumi.

Karibuni zaidi, tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilianguka katika Ziwa Viktoria ikikaribia kutua Bukoba. Kati ya watu 43, walikufa 19. Wavuvi ndio waliotangulia kufika na kuokoa watu, na sifa yao haifutiki. Hata hivyo, hesabu za mwanzo za waliookolewa zilibadilika. Habari zilizoenea kwanza zilisema mlango ulifunguliwa kutoka nje. Ripoti ya awali ya wachunguzi ikaeleza kwamba ulifunguliwa kutoka ndani na mhudumu wa ndege. Ripoti hiyo haikusita pia kusema kwamba waokoaji wa serikali walipungukiwa na vifaa. Hiyo ndiyo alama ya taarifa ya kuaminika: humkosoa hata aliyeitoa.

Dunia imekwisha kuweka utaratibu. Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 kinataka ripoti ya awali ndani ya siku 30, na ripoti ya mwisho ndani ya miezi 12 ikiwezekana. Kinasema wazi kwamba shabaha ya uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, si kumtafuta wa kulaumiwa. Lakini mchunguzi hukuta kile tu alichoachiwa na askari.

Wahenga walisema lisemwalo lipo. Katika ajali ya ndege methali hiyo haitoshi. Askari anayejua kazi yake huokoa walio hai kwanza. Kisha huweka mpaka na kuulinda, hata dhidi ya wakubwa wasiohusika. Hasogezi kipande cha chuma bila sababu, wala haruhusu kimoja kichukuliwe kuwa kumbukumbu. Kinasa kikitolewa majini hukiacha ndani ya maji safi mpaka wataalamu wafike. Huandika saa, mahali na majina ya walioona. Akiulizwa sababu, hujibu kwamba bado haijajulikana, na jibu hilo si aibu.

Usiku, taa za wavuvi wa ndagala hutapakaa ziwani mbele ya Rumonge. Kama jambo litatokea angani juu ya maji hayo, wenye taa hizo ndio watakaoliona kabla ya mkuu yeyote. Wachoma mkaa wa Ndola walisubiri zaidi ya nusu karne kusikilizwa. Mvuvi wa Rumonge anastahili kumkuta askari mwenye kalamu ufukweni asubuhi ileile.