Biblia ya Mfalme James na wale wasemao: ni hii moja tu

Mwaka 403 Mtakatifu Agostino, askofu wa Hippo, alimwandikia Mtakatifu Yeronimo huko Betlehemu barua yenye masikitiko. Yeronimo alikuwa amekwisha kufasiri kitabu cha Yona kutoka Kiebrania, na ule mmea uliompa nabii kivuli, ambao Wakristu wa Afrika walizoea kuuita mmumunye, yeye aliupa jina la mmea mwingine utambaao ukutani. Askofu wa mji wa Oea, ndio Tripoli ya Libia ya siku hizi, aliisoma tafsiri hiyo mpya kanisani. Watu wakafanya ghasia, hasa Wagreki, wakasema neno lile ni la uwongo. Maskini askofu akaenda kuwauliza Wayahudi wa mji. Nao walipokataa kumpa Yeronimo haki, alilazimika kulirudisha neno la zamani, asije akabaki peke yake kanisani.

Tumeanza na Oea kusudi msomaji asidhani kwamba ugomvi tutakaousimulia ni kichaa cha watu wa mbali tu. Katika Waprotestanti wasemao Kiingereza, na hasa katika Wabatisti wa Marekani, wako wanaoshika kwamba tafsiri moja tu, ile ya mwaka 1611 iitwayo ya Mfalme James, ndiyo Neno la Mungu kamili bila kosa, na nyingine zote zimeharibika. Kwa ajili ya shauri hilo makanisa yamegawanyika, na wachungaji wamefukuzwa. Tutazame basi kitabu chenyewe kilitoka wapi.

Mwezi wa Januari 1604 Mfalme James aliwakusanya maaskofu na Wapuritani katika jumba la Hampton Court. Mpuritani mmoja, John Rainolds, aliomba tafsiri mpya, na mfalme akakubali kwa furaha, maana Biblia ya Geneva ya mwaka 1560 ilimchukiza: maelezo yaliyoandikwa pembeni yalionekana kwake kuwa hayawaheshimu wafalme. Wataalamu karibu 47 waligawanywa katika makundi sita, huko Westminster, Oxford na Cambridge. Hawakuanza kazi toka mwanzo. Waliamriwa kuifuata Biblia ya Maaskofu ya mwaka 1568, na maneno mengi sana waliyapokea kwa William Tyndale, aliyenyongwa na kuchomwa moto huko Vilvoorde, karibu na Brussels, mwaka 1536, chini ya serikali ya Kikatoliki, wala haifai sisi kulificha jambo hilo. Tena walichukua maneno katika Agano Jipya la Rheims la mwaka 1582, kazi ya Wakatoliki wa Uingereza waliokimbilia Ufaransa. Hilo nalo wateteaji wa leo hawapendi kukumbushwa.

Wafasiri wenyewe walidai nini? Dibaji yao iliandikwa na Miles Smith, aliyekuwa baadaye askofu wa Gloucester. Humo alisema kwamba hata tafsiri iliyo dhaifu kuliko zote ni Neno la Mungu, kama vile hotuba ya mfalme inavyobaki kuwa ya mfalme ikigeuzwa katika lugha nyingine. Akaongeza kwamba tafsiri mbalimbali humsaidia mtu kutafuta maana. Ndiyo sababu, pale neno la Kiebrania lilipokuwa gumu, waliandika pembeni maana ya pili. Mtu mwenye kuamini kwamba kalamu yake haiwezi kukosa haandiki maana ya pili. Kwa bahati mbaya dibaji hiyo siku hizi haichapwi katika nakala nyingi.

Wala kitabu kinachoshikwa leo si kile cha 1611 sawasawa. Kile cha kwanza kilikuwa na vitabu vya Tobia, Yudita, Wamakabayo na vingine, ambavyo Waprotestanti hawavihesabu katika kanuni; mwaka 1615 Askofu Mkuu Abbot alikataza hata kuuza Biblia isiyokuwa navyo. Leo karibu nakala zote hazinavyo. Tahajia na nukta zilitengenezwa mara nyingi, na zinazotumika sasa ni hasa za Benjamin Blayney wa Oxford, mwaka 1769. Tusiseme habari za wapiga chapa wa London, ambao mwaka 1631 walisahau kineno kimoja katika amri ya Mungu, ikawa inamwagiza Mkristu azini! Walitozwa paundi 300.

Zamani watu waliipenda Biblia hiyo kama watoto wanavyoipenda sauti ya mama, na mapendo hayo hatuyalaumu. Ugomvi ulianza ilipotokea ile iliyosahihishwa, Agano Jipya mwaka 1881 na Agano la Kale mwaka 1885. Wasahihishaji walitumia hati za Kigreki za kale sana, hasa ile iliyopatikana katika monasteri ya Mlima Sinai na ile iliyowekwa katika maktaba ya Vatikano. John Burgon, mkuu wa kanisa la Chichester, aliwashambulia kwa kitabu kikali mwaka 1883. Lakini hata Burgon alikiri kwamba maandiko ya Kigreki yaliyozoeleka yana mahali pa kusahihishwa. Wafuasi wake ndio waliompita. Mwaka 1930 Benjamin Wilkinson, Mwadventista, aliandika kuitetea tafsiri ya mfalme. Mwaka 1970 Mbatisti David Otis Fuller akachapa tena sehemu kubwa ya maneno yake, bila kuwajulisha wasomaji kwamba mwandishi alikuwa wa dini gani. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1952, ilitoka Biblia nyingine ya Marekani iliyoandika katika Isaya 7:14 « mwanamke kijana » pahali pa « bikira », na mchungaji mmoja wa Rocky Mount, Carolina ya Kaskazini, akauchoma moto ukurasa huo mbele ya watu. Mwishowe Peter Ruckman wa Pensacola, aliyekufa mwaka 2016, akafundisha kwamba Kiingereza cha 1611 chaweza kukisahihisha hata Kigreki chenyewe. Yaani mto unaifundisha chemchemi!

Sasa tuje kwenye jambo linalotugusa sisi Wakatoliki. Wengi wa wateteaji hao huikataa hati ya Vatikano kwa sababu imekaa nyumbani mwa Papa. Vema, lakini na wafungue ukurasa wa mwisho wa Biblia yao. Erasmus, aliyekuwa padri, alipochapa Agano Jipya la Kigreki huko Basel mwaka 1516, kitabu alichokiweka wakfu kwa Papa Leo X, alikuwa na hati moja tu ya Ufunuo, nayo imepotewa na karatasi ya mwisho. Alifanyaje? Alichukua Vulgata ya Kilatini akaigeuza yeye mwenyewe katika Kigreki. Hivi katika Ufunuo 22:19, pahali Wagreki wanaposoma « mti wa uzima », yeye aliandika « kitabu cha uzima » kwa kufuata Kilatini, na Waingereza wa 1611 wakamfuata. Basi wale wanaoikimbia Roma wamebeba karatasi ya Roma mkobani, nao hawana habari.

Hata hivyo tusicheke sana. Konsilio ya Trento ilitangaza mwaka 1546 kwamba Vulgata ni tafsiri halali, na wengi wetu walielewa kwamba hakuna haja tena ya Kiebrania wala Kigreki. Mwaka 1590 Papa Sixtus V alitoa Vulgata yake na kukataza isibadilishwe. Alikufa mwaka uleule, nakala zikaondolewa, na mwaka 1592 Klementi VIII akatoa nyingine, tofauti mahali pengi. Yale maneno ya barua ya kwanza ya Yoane juu ya mashahidi watatu wa mbinguni, ambayo Erasmus hakuyaweka mpaka mwaka 1522, yalitetewa na Roma mwaka 1897 kwa nguvu ileile wanayoyatetea wale wa Mfalme James; mwaka 1927 tu wataalamu wakaachiwa nafasi ya kuyachunguza. Ni Papa Piyo XII aliyeeleza mwaka 1943 kwamba Trento ilisema juu ya usalama wa mafundisho ya Vulgata, haikuifunga milango ya lugha za kwanza. Na mwaka 1966 ile Biblia ya Marekani iliyochomwa ilichapwa kwa ajili ya Wakatoliki, imegeuzwa kidogo tu.

Wako wasemao kwamba hata tafsiri za mataifa mengine zifanywe kutoka Kiingereza cha 1611. Hapo ugomvi unafika mlangoni petu: Mkristu wa Kiswahili angelisikia Neno la Mungu kwa mkono wa tatu, na kwa ruhusa ya mfalme asiyemjua.

Tulipoanza kusoma Evanjili katika tafsiri mpya, mzee mmoja wa misioni alitungojea nje ya kanisa. « Padri, akasema, hayo si maneno niliyobatizwa nayo. » Tulikuwa na majibu mengi kichwani, ya Kigreki na ya Kilatini. Tukamkumbuka askofu wa Oea. Tulimwomba mzee aitamke aya ile namna anavyoijua kwa moyo, naye akaitamka yote, polepole, nasi tukamsikiliza mpaka mwisho.